Bima ya Abiria Asiyetajwa Jina

Ndugu zangu wa Nyamigogo, na nyinyi walimu wenzangu mnaonisimamisha kila nikitoka darasani, naandika haya yote kwa mkupuo ili niache kuyasimulia vipande vipande mlangoni mwa duka. Mmeuliza likizo yote nilikuwa wapi. Mmeuliza kwa nini pikipiki imerudi bila taa, na ule mto uliofungwa juu ya kiti ulikuwa wa nini. Wengine mmeshajijibu, na majibu yenu nimeyasikia, hasa lile la kwamba nilikuwa nauza bangi. Sasa sikieni la kwangu.

Kabla ya kuwasha

Speransia, mke wangu, mnamjua. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza mnakumbuka ilivyoishia, na wanawake waliokuwa ndani siku ile wanasema kama si mama yake kumshika na kumsemesha mpaka asubuhi, ningezika wawili. Mama huyo alikuja Nyamigogo akiwa bibi harusi mdogo, katika wakimbizi wa mwanzo kabisa kutoka Rwanda, akalima hapa, akazeeka hapa. Kambi za Benako zilipofungwa na watu kurudishwa makwao, naye akasema anataka kukiona kilima alichokiacha. Akaenda kwa kaka yake. Mwaka ukapita. Kisha akatuma neno kwa dereva wa lori: amekwisha kukiona, anataka kurudi, ila miguu haimfikishi barabarani.

"Sizai bila mama," Speransia akaniambia. Hakulia wala hakupandisha sauti, na ndiyo maana nikajua hakuna mjadala.

Pikipiki ninayo, niliinunua kwa mtu wa shirika alipokuwa anafungasha kuondoka. Nikasema kesho naondoka. Hapo ndipo akanileta mbele ya kaka yake, Anaklet, yule anayeshona viatu soko la Biharamulo. Anaklet alianguka na pikipiki ng'ambo, huko Rwanda, akalazwa kwenye korido siku tatu kwa kuwa hakuna aliyemdhamini, na mguu ukaoza. Speransia akanionyesha pale mguu ulipokatikia, kana kwamba sijawahi kuuona, akaniapisha: sitavuka daraja la Rusumo bila bima inayomjua mwendesha pikipiki akiwa nchi ya watu, pamoja na abiria wake. Nikaapa. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Kulikuwa na jambo la pili. Katika ukoo wetu, mama mkwe humtazami usoni, humgusi, na jina lake hulitaji mpaka mmoja wenu aingie kaburini. Kwa miaka sita nilikuwa nikimwamkia nimechuchumaa, nimegeukia migomba. Sasa nitampakiaje mgongoni? Speransia akashona mto kwa gunia la unga wa msaada, akaujaza majani makavu ya migomba mpaka ukawa mnene kama ndama. Utakaa katikati, akasema. Huo ndio mto mlioniulizia.

Nyamigogo hadi Biharamulo

Wakala wa kwanza ana chumba karibu na boma la Wajerumani. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai ya rangi na maandazi mawili, nikaanza kuamini mambo yameisha. Bima ya pikipiki anayo, akasema, na ni nzuri. Nikauliza kama inafanya kazi Rwanda. Akanieleza kwa upole kwamba inafanya kazi hadi katikati ya daraja.

Nikauliza, nikianguka nusu ya pili ya daraja? Akasema nijitahidi kuangukia nusu ya kwanza. Hakuwa anatania. Nikamaliza andazi, nikaaga.

Nyakahura, kusubiri msafara

Mnajua pori lile kuelekea Ngara lilivyokuwa miaka hii, majambazi na bunduki zilizobaki za vita vya watu wengine. Magari hayaruhusiwi kupita mojamoja. Unasubiri Nyakahura mpaka polisi waridhike na idadi, kisha mnakwenda kwa msafara. Nilisubiri siku mbili. Nilikula ugali wa mahindi ya njano, yale ya msaada ambayo bado yamejaa masokoni, pamoja na dagaa, mchana na jioni. Mama ntilie alinihurumia, siku ya pili akaniongezea kipande cha ndizi bila kuombwa.

Hapo nilifahamiana na Maganga, dereva wa lori la chumvi, Msukuma mnene mwenye hakika juu ya kila kitu. Aliniambia nchi ipi ina ng'ombe wazuri, dawa gani inaponya mgongo na rais gani atafuata. Kuhusu bima akasema niende Ngara mjini, kuna wakala anayewaandikia watu wa mashirika, huyo hashindwi.

Polisi mmoja aliutilia shaka mto. Akaubonyeza, akaunusa, akataka nimwambie unasafirishwa kwa nani. Nikamwambia ni wa kukaa kati yangu na mama mkwe. Akanitazama muda mrefu, akawaita wenzake wawili, nikalazimika kurudia. Wa tatu alikuwa Mzinza, akawaambia wenzake waniache, hata kwao ni hivyohivyo. Wakaniruhusu niwe wa kwanza nyuma ya gari lao, heshima ambayo Maganga hakuifurahia.

Ngara mjini

Tangu Benako mpaka kupanda Ngara, vilima vimebaki vipara. Miti yote ilipikiwa maharage. Nyumba nyingi zina milango ya madebe ya mafuta ya msaada yaliyofunguliwa na kunyooshwa, na ukipita jua likiwa juu zinakupiga macho.

Wakala wa Ngara alikuwa na kabati la chuma na miwani ya kamba. Ndiyo, bima ya msafiri nje ya nchi anayo. Malaria analipia, kuumwa na nyoka analipia, mzigo ukipotea analipia. Nikachukua karatasi nikaisoma kimwalimu, yaani kuanzia chini, kwenye maandishi madogo. Kule chini ikasema hailipii ajali itakayompata msafiri akiwa juu ya chombo cha magurudumu mawili.

"Na nikiwa naisukuma?" nikauliza.

Akavua miwani, akafikiri kweli. "Ukiwa unaisukuma, tunakulipa. Ukipanda, hatukujui."

Nawaambia ukweli, hapo nilikaribia kusema potelea mbali. Nani angejua? Ningevuka, ningemchukua mama, ningerudi, na Speransia ningemwambia karatasi imelowa. Lakini nilimkumbuka Anaklet akijifunga mguu wake wa mti asubuhi, na nikajikumbuka mwenyewe nikiapa. Nikarudisha karatasi mezani. Nilikuwa nimeamua: bima ipo mahali, na nitakaa barabarani mpaka niione.

Wakala akanisindikiza hadi mlangoni. Nadhani alinihurumia, maana hapo ndipo aliponitajia kibanda cha Rusumo, upande wetu, cha mtu aitwaye Sefu. Huyo, akasema, anaandika hata baiskeli.

Rusumo, upande wetu

Sefu ni mtu wa Tanga, kofia ya viua, ubao wa mbao kwa meza, na muhuri aliouning'iniza shingoni kwa kamba. Foleni yake ilikuwa ndefu, na nani nyuma yangu kama si Maganga na karatasi za lori lake. Nilipofika mbele nikauliza swali langu nikiwa nimeshakata tamaa nusu. Sefu akajibu bila kuinua kichwa: pikipiki ndiyo, Rwanda ndiyo, mwendeshaji ndiyo, abiria ndiyo. Ukianguka, hospitali yoyote kubwa ng'ambo inakupokea kwa karatasi hii. Nilitaka kumkumbatia.

"Jina la abiria," akasema.

Nikamwambia abiria wa gari hawaandikwi majina. Akasema gari halianguki kama pikipiki, abiria wa pikipiki lazima ajulikane. Nikasema ni mama mkwe wangu. Akasema hongera, jina lake. Nikasema mama wa Speransia. Akasema huyo Speransia hapandi, jina la anayepanda. Nikamweleza desturi yetu polepole, kama ninavyoeleza hesabu za sehemu darasa la nne, na watu nyuma wakaanza kunung'unika kwa sababu geti lilikuwa linafungwa mchana. Sefu alikuwa muungwana. Akanisukumia kalamu niandike mwenyewe. Nikairudisha. Kuandika ni kutaja kwa mkono, na mkono huu ndio ungekuja kumbebea mjukuu wake.

Basi nikapata akili, au nikadhani nimeipata. Nikasema, "Anaitwa jina la mama yake Yohana Mbatizaji."

Sefu akaweka kalamu. Nabii Yahya anamjua, akasema, na baba yake Zakaria anamjua, mama sasa ndiye hakukaririshwa jina lake chuoni. Akaigeukia foleni akauliza ni nani anajua. Wanyarwanda wawili walibishana kwa lugha yao. Kisha Maganga, kwa sauti yake ileile ya ng'ombe na marais, akasema: Mariamu. Hilo hata mtoto anajua, akaongeza, mama ni Mariamu.

Nilifungua mdomo. Sefu alikuwa ameshaandika, muhuri ukashuka. Ningesema si huyo, ningeulizwa ni nani basi. Geti lilikuwa linakaribia kufungwa. Nikajiambia, miaka hii nani anatembea na jina lake? Watu wamekula kwa kadi za wafu, wamevuka kwa vyeti vya majirani. Karatasi ni karatasi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikavuka daraja nikiwa na bima na uongo mdogo.

Ng'ambo

Kilima cha kaka yake mama ni mwendo wa nusu siku, mawe na migomba. Walinipokea kwa viazi na maharage na pombe ya ndizi, na mama mkwe akakaa chumba cha pili, mlango nusu wazi, akaniuliza habari za nyumbani kupitia kwa kaka yake. Nikajibu kupitia kwa huyohuyo. Aliposikia kwamba Speransia amevimba miguu, hakuuliza tena kitu. Nikasikia anafunga mzigo.

Asubuhi tulipanda. Mimi nimesogea mbele mpaka tangi limenibana tumbo, mto katikati, naye nyuma, ameshika chuma cha kubebea mizigo. Mtu wa tatu wa kutupatanisha maneno hakuwepo. Basi akawa anasema na pikipiki. "Ewe pikipiki, mwambie aliyekushika kuna shimo." Au, "Ewe pikipiki, huko nyumbani wanampa mtoto wangu maziwa?" Nami nikawa naijibu pikipiki, kwamba maziwa anapewa, na mboga za majani pia. Nawaapia, katika miaka yote sita tulikuwa hatujawahi kuongea sana kama asubuhi ile.

Mteremkoni

Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa mwisho kabla ya barabara kubwa. Udongo mwekundu ukawa sabuni. Kwenye kona wakatokea ng'ombe, nikakanyaga breki, pikipiki ikalala, taa ikapasukia jiweni. Mimi nilikuwa na usukani wa kushika. Yeye alikuwa na kile chuma kilicholowa nyuma yake, na mto mbele uliokuwa umeshanywa maji. Akaenda na mto upande mmoja, mimi na pikipiki upande wa pili.

Kama angenishika kiuno, angebaki juu. Hilo nimelifikiri kila siku tangu hapo, na sitaki mnifariji. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya goti mahali pasipo na kiungo. Hakupiga kelele. Nilisimama kwenye mvua umbali wa hatua nne, nimegeuza uso, mtu mzima, mwalimu, sijui nifanye nini.

Watu wa pale walitokea na ingobyi, kitanda kilichosukwa kama kapu refu chenye miti miwili ya kubebea. Hawakuniuliza mimi ni nani. Wakamlaza, wakainua, na kila kilima wakapokezana. Nikaomba nibebe. Nikapewa mti wa mbele, nikiwa nimempa mgongo, hivyo hata hapo sheria ya ukoo ilikuwa haijavunjika. Nilijisifu kwa hilo, mjinga mimi.

Benchi la hospitali

Hospitali ile ya ng'ambo ilikuwa imejaa. Kuna mama mmoja muuguzi aliyekulia upande wetu, anasema Kiswahili kizuri kuliko changu, na karani mwenye daftari. Walimweka mama mkwe kwenye benchi nyuma ya pazia la shuka. Muuguzi akasema mfupa lazima unyooshwe leo, la sivyo utaunga vibaya au hautaunga kabisa. Akauliza nani anamdhamini. Nikatoa karatasi ya Sefu kwa fahari. Mnaona? Nilikuwa nimezunguka wilaya mbili kwa ajili ya dakika ile.

Akaisoma. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi.

"Huyu mama ameniambia jina lake," akasema. "Karatasi hii ni ya Mariamu."

Nikasema ni kosa la uandishi. Akanitazama bila ukali. Aliniambia ameona karatasi nyingi miaka hii, ameandikisha maiti mmoja kwa majina matatu, na daktari amekataza kupokea karatasi isiyolingana na mgonjwa. Kisha akaangalia maandishi madogo ya chini na kusema ipo njia: mwenye bima ndiye mimi, nimtaje abiria wangu mbele ya karani, kwa sauti, karani aandike masahihisho, niweke sahihi. Jina nitakalolitaja mimi kwa mdomo ndilo litakalohesabika, si atakalosema mgonjwa.

"Ni nani aliyekuwa nyuma yako?"

"Mkwe wangu."

"Mkwe ana jina, mwalimu."

Nikaanza tena habari za desturi. Akasema anazijua, hata bibi yake alikuwa nazo, na akasema pia kwamba mguu hauzijui. Karani akawa ameshaanza kuandika mgonjwa mwingine. Korido ile ilikuwa na watu wamelala chini pande zote mbili, na karibu na mlango alikuwepo kijana mmoja, mguu wake umefungwa kwa matambara, macho yameangalia dari. Nikamwona Anaklet. Nikamwona Speransia na miguu yake iliyovimba, anasubiri kwenye kizingiti watu wawili, aje mmoja.

Na nikajiona mwenyewe pale kwa Sefu, nimefungua mdomo, nimeufunga. Heshima yangu yote kwa mama yule ilikuwa imemfikisha kwenye benchi. Nilikuwa nimesogea mbele kwa heshima, nimenyamaza kwa heshima, na yeye ndiye aliyevunjika.

Nikamgeukia karani.

"Elizabeti," nikasema. Karani hakusikia vizuri, au alitaka nirudie. Nikasema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la mwisho: "Abiria wangu ni Elizabeti."

Halafu, nyuma ya shuka, sauti ya kizee, iliyochoka, ikaitika:

"Karame."

Wanyarwanda wa hapa kwetu mmewasikia wakiitika hivyo. Ndivyo wanavyomwitika mtu wanayemheshimu. Speransia alikuwa akimwitika mama yake hivyo kila siku. Sikuwahi kufikiri kwamba lipo la kwangu. Nilikaa chini palepale sakafuni nikalia, na muuguzi akaniruka kwenda kumwita daktari.

Kurudi

Mfupa ulinyooshwa, mguu ukatiwa plasta mpaka pajani. Nilikaa siku tano. Sefu, nilipomwonyesha masahihisho kwenye karatasi, aliomba radhi na kusema tangu siku ile ameshauliza mapadri wawili. Maganga ndiye aliyetuleta, mama mbele kwenye lori, mguu juu ya mto uliokaushwa, mimi nyuma na pikipiki juu ya mizigo. Nilimweleza yaliyotokea. Alisikitika sana, akakataa kupokea hata soda, ila mpaka tunaingia Biharamulo alikuwa bado anasema kwamba kwao wao ni Mariamu.

Baba mdogo alinitoza mbuzi kwa kutaja jina la mkwe, na aliyemweleza sijui ni nani kati yenu. Mbuzi nimemtoa. Nimemwambia sijamjutia hata ukwato wake.

Mtoto amezaliwa, mnajua, msichana, na bibi yake alikuwa ndani, ameketi kwenye kigoda na plasta yake, amemshika Speransia mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya kutoa jina alisema kutoka nyuma ya pazia, kupitia kwa binti yake kama zamani: "Mwambie mumeo mtoto apewe jina langu. Limekwisha kupita mdomoni mwake."

Karatasi ya bima nimeiweka ndani ya Biblia, Injili ya Luka, sura ya kwanza, ili siku nyingine nisihitaji foleni kunisaidia. Anayetaka bima ya pikipiki ya kuvukia aje nimwelekeze kwa Sefu. Atamke tu majina yote.

Jana asubuhi nilisimama mlangoni na beseni la maji ya kumwogeshea mtoto, nikamwita kwa jina lake. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Pazia likatikisika kidogo.

"Karame," ikasema sauti ya ndani.